WATOTO WETU KATIKA INCHI YA UGENI

Fundisho kwa familia zinazotumwa na kwa kanisa linalozituma

Tusome: Kutoka 2:15-22, 4:18-20, 18:1-7, Matendo 16:1, 2 Timoteo 1:5



Kila mara kanisa linapotuma mtumishi mbali, tunamwombea yeye na bibi yake mbele ya watu wote. Watoto wanasimama pembeni na nguo mpya. Wazazi walisikia mwito, wakajibu. Mtoto wa miaka minne hakusikia mwito. Alisikia tu kwamba nkambo yake atabaki na kwamba mbuzi wake atapewa jirani. Hata hivyo naye anaenda. Leo tunapashwa kujifunza juu ya mtoto huyo.

1. Kwao kwa baba si kwao kwa mtoto

Musa alikimbia Misri akafika Midiani. Mwana wake wa kwanza akamwita Gershomu, jina lenye kukumbusha ugeni. Lakini tuangalie vizuri: mgeni alikuwa nani? Alikuwa baba. Gershomu alizaliwa Midiani. Mchanga wa pale ulikuwa wake, na kondoo wa nkambo yake Yetro alizijua. Siku Musa alipopandisha bibi na watoto juu ya punda, yeye alikuwa anarudi alikokulia. Wao walikuwa wanatoka kwao. Njia ilikuwa moja, lakini safari zilikuwa mbili.

Kisha tunasoma kwamba bibi na watoto walirudishwa kwa Yetro, naye akawaleta tena jangwani. Habari ya wakubwa imeandikwa. Lakini katika mlango ule wa 18 hatusomi hata neno moja lililosemwa na wale watoto wawili. Mara nyingi ni hivi hata leo: ripoti ya kazi inaandikwa, mtoto hasemi.

2. Mfano wa familia ya Livingstone

Wengi tunajua jina la misionere David Livingstone. Watoto wake hatuwajui. Robert alizaliwa mwaka 1846, Agnes 1847, Thomas 1849, William Oswell 1851, wote katika inchi za kusini ya Afrika. Dada yao Elizabeth alikufa mwaka 1850, angali mtoto mchanga. Mwezi wa nne wa mwaka 1852 mama yao Mary alipanda meli pamoja nao wanne pale Cape Town, kwenda Uingereza. Mtu angeweza kusema wanarudi kwao. Lakini watoto wale walikuwa hawajaiona Uingereza hata siku moja. Baba alifika kwao mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1856. Miaka ile yote mama alihangaika na umaskini, akihama nyumba hii na ile.

Robert alipokua alivuka bahari mpaka Marekani, akaingia katika vita kwa jina lingine, si jina la baba yake. Alikufa mfungwa mwaka 1864, na umri wake miaka 18. Hatusemi haya ili kumhukumu mtu. Livingstone mwenyewe aliandika baadaye kwamba alijuta sababu hakutenga wakati wa kucheza na watoto wake. Neno hilo lifundishe kila mtumishi.

3. Mambo tunayoyaona kwa watoto wadogo

Mtoto akitoka Lubumbashi au Bukavu akaingizwa masomoni Ubelgiji, katika sehemu ya Kifaransa au ya Kiflama, anaweza kunyamaza kabisa darasani, hata miezi mingi. Si upumbavu. Anasikiliza, anakusanya maneno. Mwingine aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mwingine anakataa chakula, anashika nguo ya mama mlangoni mwa darasa, anapiga wadogo wake. Huyu hana pepo, wala si mkaidi. Anaomboleza, lakini hana maneno ya kuomboleza.

Kisha mambo yanageuka. Katika mwaka mmoja au miwili anasema luga ya pale kupita wazazi. Ukimuuliza kwa Kiswahili, anajibu kwa Kifaransa. Anaona haya juu ya bukari na sombe mbele ya rafiki zake. Wazazi wanamchukua kwa daktari na kwa ofisi awatafsirie. Mzigo huo ni mzito kwa mtoto. Si vema asikie magonjwa na madeni ya wazazi na kuyasema kwa kinywa chake.

4. Tufanye nini?

Kwanza, tumwambie mapema, kwa maneno mafupi na ya kweli. Aage watu, nyumba na mbuzi wake. Achague kitu kimoja cha kubeba, hata kama ni kikombe kilichokwaruzika.

Pili, tusimwambie kwamba mtoto wa mtumishi halii. Alie, tumkumbatie. Machozi yake si kumpinga Mungu.

Tatu, nyumbani tushike luga yetu katika sala, hadisi na michezo. Mtoto anaweza kushika luga mbili bila shida. Timoteo alikuwa na baba Mgiriki na mama Myahudi, lakini imani ilimfikia kupitia nkambo yake Loisi na mama yake Eunike. Siku hizi simu inaonyesha hata sura: nkambo aongee na mtoto mwenyewe, si na wazazi tu.

Ine, saa za kula, za kusali na za kulala zisibadilike ovyo. Inchi imebadilika, desturi ya nyumba ibaki. Tena baba awe na saa yake ya kucheza na watoto kila juma, nayo isiondolewe na mkutano wowote.

Tano, hili ni la kanisa lililotuma. Tuwaombee watoto kwa majina yao. Na siku watakaporudi, tusiwacheke juu ya matamko yao. Kwao kurudi ni ugeni wa pili, kama Gershomu juu ya punda.

Wandugu, mtumishi anaweza kuvuna roho nyingi mbali, huku mtoto wake analala na kilio katika chumba cha nyuma. Mungu aliyemwita baba anamwona mtoto pia. Nasi tumwone.

Maulizo ya kuzungumza pamoja
1. Ni watoto gani wa kanisa letu walio ngambo leo? Tunajua majina yao?
2. Mtoto akikataa inchi mpya, tunamsikiliza au tunamkaripia?
3. Tutapokea namna gani mtoto anayerudi bila kujua vizuri luga yetu?