Amevunjika, Ameteguka au Amepooza? Maneno Matatu na Paka Mmoja

Katika toleo hili nimepewa kazi ya kuandika kuhusu msamiati wa majeraha na matibabu. Ningeweza kukuandalia orodha ndefu ya maneno, lakini ungeyasahau kabla kengele ya chakula haijalia. Nimeonelea nikueleze machache tu, yale yaliyoamua maisha ya paka mmoja hapa shuleni katika muhula wa pili.

Hebu jiulize: ukimwona mnyama anaburura mguu, utasema nini? Najua. Utasema, "Amevunjika." Sisi sote husema hivyo. Mbuzi akichechemea, amevunjika. Mchezaji wetu wa kandanda akitolewa uwanjani mgongoni mwa wenzake, amevunjika, hata kama kesho yake ataonekana akikimbilia foleni ya chapati. Lakini Kiswahili kimetupa maneno mengi zaidi kwa sababu mambo yenyewe ni mengi. Kuvunjika ni kwa mfupa. Kuteguka ni kwa kiungo, yaani pale mifupa miwili inapokutana ikatoka mahali pake. Kupooza ni jambo jingine kabisa: mfupa ni mzima na kiungo kiko mahali pake, ila neva, ile mishipa ya fahamu, haipeleki habari, basi mguu unabaki kuning'inia kama mkono wa koti. Ukikosea neno utakosea dawa. Aliyeteguka hurudishwa kiungo. Aliyevunjika hufungwa gango, au hutiwa chuma. Aliyepooza ukimfunga gango hata mwaka mzima, umemfunga bure.

Paka mwenyewe tulimwita Shume. Kwa wasiojua, shume ni paka dume mkubwa aishiye nusu mwituni, asiye na mwenyewe. Huyu wetu alikuwa akizunguka ghala la mahindi na maharagwe nyuma ya jikoni, na Mama Jikoni, mpishi wetu mkuu, alimvumilia kwa kuwa tangu aje panya walipungua. Jumamosi moja aligongwa na boda boda pale langoni. Mlinzi wetu, ambaye sote twamwita Mzee, alikimbia kumtoa mtaroni, na kwa shukrani akaparuzwa kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko.

Sasa hapa kwanza tumweke paka kando, maana binadamu ndiye wa kwanza kutibiwa. Paka asiyejulikana kama amechanjwa huweza kuwa na kichaa cha mbwa, na kichaa hicho, licha ya jina lake, hakichagui mbwa peke yake. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi. Mpaka leo bado upo, ndiyo sababu mwaka wa 2014 serikali ilianzisha mpango wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni kama hakupo. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi nzuri sana ya kumwokoa, na ndiyo tangu mwaka wa 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka tisa huko Ufaransa aliyeumwa na mbwa, naye mtoto akaishi.

Basi mwalimu wa zamu alimshika Mzee mkono akampeleka bombani. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa, si kunawa kwa kugusagusa kama tunavyonawa kabla ya githeri. Mzee alilalama kwamba ni mkwaruzo tu. "Mimi nimeparuzwa na paka tangu sijaoa," akasema. Mwalimu akamjibu, "Mzee wangu, vumilia, ungali na wajukuu wa kulea." Wakacheka wote, na kabla ya jua kutua Mzee alikuwa amekwisha kudungwa sindano ya kwanza ya chanjo hospitalini. Nasisitiza hapa: hakusubiri kwanza aone paka atakuwaje. Chanjo huanza mara moja. Mbwa au paka aliyeuma au kuparuza, kama ni mzima, huangaliwa kwa siku 10. Kama virusi vilikuwa tayari vimo katika mate yake, hatazimaliza siku hizo bila kuonyesha dalili au kufa. Akizimaliza salama, daktari anaweza kumwambia mgonjwa aache sindano zilizosalia. Kumbuka kwamba hesabu hiyo ni ya mbwa na paka tu. Usiitumie kwa nguchiro wala mbweha.

Haya, turudi kwa paka. Alirushiwa blanketi kuukuu, akaviringwa ndani yake na kutiwa katika katoni ya sabuni iliyotobolewa matundu. Mara wakaanza kuja madaktari wa Kidato cha Pili. Mmoja alileta tembe ya kupunguza maumivu. Alikuwa na huruma, sikatai, lakini ile parasetamo tunayomeza sisi kichwa kikiuma ni sumu kali kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunjavunja kama letu. Damu yake hugeuka rangi ya kahawia ikashindwa kubeba hewa, na tembe moja ya miligramu 500 yatosha kumwua paka mzima. Mwingine alikuja na ile dawa ya kuulia vijidudu ambayo hugeuka maziwa ikitiwa majini. Hiyo pia hapana, kwani paka hujilamba, na atakachopakwa ndicho atakachomeza. Cha kuoshea kidonda ni maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kidogo cha chumvi kwa nusu lita. Na yule aliyekuja na maziwa, nashukuru ukarimu wake, ila paka wengi wakubwa maziwa ya ng'ombe huwaharisha.

Daktari wa mifugo alikuja Jumatatu. Huyu amezoea ng'ombe na nguruwe wa wakulima wa hapa, na alipoitwa kwa ajili ya paka asiye na mwenyewe nadhani alidhani tunamtania. Hata hivyo alifanya kazi yake kwa makini ambayo sijapata kuona, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Hakuanza na mguu. Alitazama ufizi kwanza: ulikuwa wa waridi, na alipoubonyeza ukaweupe, ulirudi rangi yake upesi. Yaani damu inazunguka vizuri. Akahesabu pumzi. Akapapasa tumbo kuona kama kibofu kinafanya kazi, maana paka aliyegongwa asipoweza kukojoa yumo hatarini kuliko mwenye mguu uliovunjika. Ndipo akashika mguu wa mbele wa kushoto, akaupapasa mfupa mmoja mmoja toka vidoleni hadi begani.

"Haujavunjika," akasema. Sote tukatazamana. Sisi siku mbili tulikuwa tunasema umevunjika!

Akachukua kibano akabana kidole cha mguu ule, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Paka hakugeuka hata kutazama. Akabana kidole cha mguu wa kulia, na hapo nusura tumkose daktari wetu. Kisha akatuonyesha jicho. Mboni ya kushoto ilikuwa ndogo kuliko ya kulia, na ule utando wa ndani ulikuwa umejitokeza kidogo. Mimi nikauliza, daktari, jicho na mguu vinahusiana nini? Akatueleza kwamba baadhi ya neva ziendazo jichoni huanza safari pamoja na zile za mguu wa mbele, zikitoka uti wa mgongoni karibu na bega. Jicho likiathirika namna ile, ni ishara kwamba neva zimeng'oka kule kule shinani. Neva iliyominywa tu huweza kurudi kazini polepole. Iliyong'oka kwenye shina hairudi. Basi neno lilikuwa kupooza, na yeye hakuona matumaini makubwa.

Akatupa njia tatu. Kusubiri kwa majuma kadhaa, huku mguu umefungwa kitambaa usichubuke. Kuukata. Au kumlaza paka usingizi asioamka tena.

Mjadala uliofuata katika mkutano wa chama ungefaa kupelekwa bungeni. Kundi moja lilisema auawe: paka wa miguu mitatu atawindaje, na si afadhali kufa kuliko kuwa kilema? Kundi la pili lilisema aachwe, wanyama wana Mungu wao. La tatu, nikiwemo mimi, lilitaka matibabu. Jambo lilikuwa pesa. Upasuaji ulihitaji shilingi 7,000, na chama kilikuwa na 9,400 tu, ambazo tulikuwa tumechanga kwa safari ya kongamano. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu kwa urahisi: je, tungekuwa tunajadili hivi kama angekuwa panya?

Mimi naona swali la kilema liliulizwa kinyume. Paka hajui kwamba wenzake wana minne. Hana haya, hana wa kumcheka. La kuuliza lilikuwa: je, anaumia, na maumivu yatakoma au yatazidi? Kama kibofu kingekuwa kimekufa, au mgongo umekatika, ningepiga kura ya usingizi bila kusita, na nisingeita huo ukatili. Lakini huyu alikuwa akila na kukojoa, na aliunguruma kila Mama Jikoni alipopita na utumbo wa samaki. Hata sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haisemi kwamba paka asiye na mwenyewe hastahili huruma.

Tukakata shauri hivi: tungoje kwanza siku zile 10 za kichaa, kwa kuwa kupooza pia huweza kuwa dalili yake, na katika siku hizo tutazame mambo mawili. Je, mguu utaanza kuhisi? Na paka atauacha salama? Alifungiwa katika kasha la mbao lenye wavu, kwenye chumba cha majembe, na aliyeruhusiwa kumhudumia ni mtu mmoja tu, mwenye glavu za ngozi.

Siku ya saba nyuma ya kiganja chake ilikuwa imechubuka kwa kuburura, japo tulibadilisha kitambaa kila siku. Siku ya tisa tukamkuta ametafuna vidole vyake viwili. Usishangae. Neva zilizoharibika huweza kumpa mnyama hisia za kuwashwa ajabu mahali ambapo hana habari napo, akajila mwenyewe. Hapo hata wale wa "aachwe" walinyamaza. Siku ya kumi ikapita, kichaa hakuna, Mzee akaambiwa sindano zimetosha. Siku ya kumi na mbili Shume alipelekwa kukatwa.

Msamiati kidogo. Ganzi hutiwa mahali pamoja ili pasihisi, kama unapong'olewa jino. Nusukaputi humlaza mgonjwa mzima. Shume alipewa nusukaputi, na usiku uliotangulia hakupewa chakula, kwa sababu mgonjwa akitapika usingizini huweza kupaliwa akafa. Daktari hakuacha kigutu. Aliutoa mguu wote pamoja na kombe la bega, maana kigutu kingekuwa cha kugongwagongwa tu na kutoka vidonda kila mara. Kwa kuwa amekwisha kulala, alimhasi papo hapo na kumchanja kichaa, asiwe wa kuzurura tena barabarani akifuata majike. Nyuzi zilitolewa baada ya siku 14.

Siku mbili za kwanza alikataa kula, tukaogopa, kwa kuwa paka asiyekula kwa siku kadhaa ini lake hujaa mafuta akaugua upya. Mama Jikoni alimpashia moto omena, harufu ikajaa chumba kizima, na Bwana Shume akasimama kwa miguu mitatu akaja.

Pesa za kongamano zilibaki 2,400. Walimu na wanafunzi walichanga zaidi, lakini tuliokuwa tuende ishirini walikwenda kumi na wawili. Mimi nilibaki. Kuna wenzangu wawili ambao mpaka sasa hawakubaliani na hesabu ile, na wana haki yao.

Paka asiye na mguu wa mbele hupanda vizuri ila hushuka vibaya, kwani uzito wote huangukia mguu mmoja. Kwa hiyo fundi wa shule amempigilia ubao wa mteremko kutoka kwenye magunia ya juu. Asinenepe, amesema daktari, basi tafadhali acheni kumtupia vipande vya mandazi. Na kwa kuwa hawezi kujiosha uso upande wa kushoto, kila Ijumaa mwanachama mmoja wa zamu humpangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Ratiba imebandikwa mlangoni mwa ghala. Wiki ijayo ni zamu ya Kidato cha Kwanza, nao wakumbuke glavu.