Kabla ya Kusema ni Gesi

Mtu mzima anaamka alfajiri ameshika chembe ya moyo, fulana imelowa jasho la baridi. "Ni gesi tu," anasema. Mtoto anatumwa duka la dawa akalete vidonge vya tumbo, naye anavitafuna na kujilaza akisubiri nafuu. Wakati huohuo huenda mshipa unaoulisha moyo umezibwa na damu iliyoganda, na msuli wa moyo unakufa kidogo kidogo.

Maumivu ya namna hii kwa kawaida hayachomi kama sindano. Yanabana na kukandamiza, kama gunia la mchele limelazwa kifuani. Yanaweza kupanda shingoni na kwenye taya, kushuka mkononi, hasa wa kushoto, au kuhamia mgongoni. Yakidumu dakika kadhaa hata baada ya kupumzika, au yakija na jasho, kutapika au kukosa pumzi, hiyo ni dharura.

Ninaowahofia zaidi ni wanawake, wazee na wenye kisukari, kwani wao kifua kinaweza kisiume kabisa. Mama mwenye kisukari akianza ghafla kuhema kwa kutoka chumbani hadi jikoni tu, tafadhali msimwambie amechoka na kazi.

Ukiona dalili hizi, mkalishe mgonjwa, asitembee. Kama hana mzio wa aspirini wala hajawahi kutokwa na damu tumboni, atafune miligramu 300. Asiendeshe gari mwenyewe, na bodaboda haimfai mtu anayeweza kuzimia njiani. Ambulensi ikiwa mbali, tafuta gari la jirani, na piga simu kwanza kuuliza hospitali ipi ina mashine ya ECG, yaani ya kupima umeme wa moyo.

Mkifika, msikae kwenye foleni ya kadi. Semeni wazi: "Anaumwa kifua, tunaomba apimwe ECG sasa hivi." Kipimo hiki hakiumi, huchukua dakika chache, na kinatakiwa kifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kikionyesha hali nzuri na maumivu bado yapo, ombeni kirudiwe, na damu ipimwe troponini, protini inayoonyesha kama msuli wa moyo umeumia. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda husaidia zaidi katika saa za mwanzo. Zikipita saa 12, faida yake huwa ndogo sana.

Akianguka, asiitike wala kupumua kawaida, mlaze chali pagumu. Bandika viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukichoka, mwingine apokee bila kusimama, hadi wahudumu wafike.