Kituo kidogo, utulivu mwingi

Swali: Kaka yangu ana skizofrenia. Tumempatia nafasi kwenye kituo kidogo, kisafi na kitulivu. Nitajuaje kama anatunzwa vizuri?

Jibu: Utulivu usikuridhishe upesi: unaweza kuletwa na wauguzi wema, au na dawa za kuwalaza wakazi usingizi mchana kutwa. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2012, QualityRights, haviishii kwenye usafi: vinauliza kama mkazi aliridhia matibabu, kama hufungiwa au kufungwa kamba, na kama anaandaliwa kurudi kuishi na watu. Basi fika bila taarifa, zungumza naye faraghani, uulize nani humwandikia dawa na huzipitia lini. Utaambiwa kituo kidogo hakimudu daktari wa kudumu. Sawa, daktari wa kuzuru anaweza kutosha. Lakini kubisha hodi kabla ya kuingia chumbani mwake hakuhitaji bajeti. Watasema pia kwamba malalamiko yake ni ugonjwa tu. Skizofrenia hupotosha baadhi ya mambo, si yote: akisema alipigwa, mkague mwili, kisha tazama daftari la zamu. Kwenye kituo kidogo, usiku huenda kuna mhudumu mmoja tu, bila shahidi. Ndiyo maana ningeuliza mapema malalamiko hupelekwa kwa nani aliye nje ya kituo, na kama kaka yako mwenyewe anamjua.