Kuhamisha Sauti za Kaseti Kabla Hazijanyamaza

Huku Nyakitonto, na Kasulu na Kibondo pia, masanduku mengi yamo kaseti: za kwaya, za arusi, za masimulizi ya Kiha ya wazee waliokwisha kufariki. Watu husema, “Zingalipo.” Lakini kuwapo kwa kaseti si kuwapo kwa sauti, na neno hilo ndilo tutakalojifunza leo.

Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963. Ndani yake mna utepe wa plastiki, ambao upana wake haufiki milimita 4, nao umepakwa unga laini wa chuma. Sauti imeandikwa katika unga ule kwa nguvu ya sumaku. Gundi iushikayo unga huchakaa, na unyevu wa mvua zetu huleta ukungu. Unga ukibanduka, sauti imekwenda nao, wala hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Mwaka huo huo wa 1963 redio ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ilianza kutangaza kutoka Addis Ababa. Vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, vikapelekwa huko katika tepu. Mwaka 1977 serikali ya Ethiopia iliitwaa redio ile. Yaliyosemwa hewani yalipita. Yawezayo kusikiwa tena ni yale tu yaliyobaki katika tepu.

Basi, kazi yafanywaje? Kwanza itazame kaseti. Ikiwa na ukungu, usiipige, maana utaingia katika mashine na kuziambukiza kaseti nyingine. Ikiwa safi, vunja vijino viwili vya mgongoni, asije mtu akarekodi juu yake. Ipeleke mbele hata mwisho, uirudishe. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Kisha unganisha kwa waya tundu la visikizio na tundu la kompyuta la kuingizia sauti. Programu ya Audacity hupatikana bure. Sauti usiizidishe, maana ikivuka mpaka hukatwa, nayo haitengenezeki. (Wako wanaoweka simu mbele ya spika; hao hurekodi pamoja na kwaya kuku wote wa uani.)

Kaseti ya dakika 60 yataka dakika 60, haina njia ya mkato. Hifadhi kwanza faili la WAV, ambalo kwa saa moja hufika megabaiti 600 hivi. MP3 ni dogo, lafaa kupelekeana, lakini limepunguzwa kwa kutupa sehemu ya sauti. Lisiwe nakala ya pekee. Weka nakala mbili, kila moja nyumba yake.

Iliyobaki ndiyo kazi kubwa. Mwite mwanakwaya wa zamani, mketi pamoja, msikilize. Mwulize: Ni nani huyu aanzishaye wimbo? Ilikuwa wapi, mwaka gani? Andika majibu yake katika jina la faili na katika daftari pia. Wanaomjua mtu kwa sauti yake wanapungua upesi kuliko kaseti zenyewe. Kwa hiyo zile zenye maandiko zaweza kungoja kidogo; anza na zile zisizo na neno lo lote juu yake, maadamu yupo wa kuulizwa.