Kuongeza Diski Kwenye Kompyuta Kuukuu: Fungua Kasha Kabla ya Kwenda Dukani

Katika afisi za vikundi vya maji, vyama vya akiba na saiba za masokoni bado utakuta kompyuta za mezani za miaka kumi au kumi na mitano iliyopita, mara nyingi mitumba ya Dell OptiPlex au HP Compaq. Zinaandika barua, zinachapisha fomu na kuweka hesabu za michango. Kinachozishinda ni nafasi, kwani diski ya gigabaiti 250 au 500 haichukui muda kujaa. La pili ni baya zaidi. Diski hiyo moja, iliyozunguka miaka yote hiyo, ndiyo inayobeba orodha nzima ya wanachama na kiasi alicholipa kila mmoja. Ikifa Jumanne, mkutano wa Ijumaa hauna hesabu.

Kuongeza diski ya pili, hata ya tatu, si kazi kubwa kwa mwenye bisibisi na subira. Tatizo ni kwamba wengi hununua kwanza, kisha hugundua haiingii.

Fungua kasha uangalie. Kompyuta nyembamba kwa kawaida huwa na nafasi moja tu ya diski ya inchi 3.5, ilhali zile kubwa za kusimama huwa na mbili au zaidi. Kisha hesabu matundu ya SATA kwenye ubao mkuu. Ni madogo, yana umbo la herufi L ndani, na kando yake pameandikwa SATA0, SATA1 na kuendelea. Kisomeo cha DVD pia hukalia tundu moja, na kama hakitumiki, kiondoe uchukue tundu lake. Ukikuta matundu mapana ya pini 40 pekee, hiyo ni mashine ya zama za IDE. Usiitilie pesa.

Umeme nao una hesabu yake. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta takriban ampea 2 kwenye volti 12, yaani wati 24 hivi, kisha hushuka chini ya wati 10. Pawasaplai ya wati 250 iliyo nzima hubeba diski mbili au tatu bila shida. Tatizo huwa waya zikipungua na fundi akatumia kigawanyio cha bei rahisi. Epuka vile ambavyo kichwa chake cha plastiki kimemiminwa pamoja na waya kikawa kitu kimoja, kwa maana baadhi yake hupiga shoti ndani na kuungua. Chagua kile ambacho unaona waya zimebanwa moja moja.

Usinunue diski kubwa kupita uwezo wa mashine. Mpangilio wa zamani wa MBR hauwezi kutumia zaidi ya terabaiti 2 hivi. Juu ya hapo unahitaji GPT, ambayo Windows XP ya biti 32 haiisomi. Windows 7 na za baadaye huisoma, hata kwenye BIOS ya zamani, mradi diski hiyo iwe ya kuhifadhia tu na Windows yenyewe ibaki kwenye ile ya awali.

Ukifunga, zima kompyuta, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache, kisha gusa chuma cha kasha. Kaza skrubu na uchomeke kebo zote mbili, ya data na ya umeme. Unapowasha, ingia BIOS (Dell ni F2, HP nyingi F10) uone kama diski imetambuliwa. Katika baadhi ya OptiPlex, tundu lisilotumika huwa limezimwa humo na lazima uliwashe mwenyewe. Mashine ikidai haina Windows, huenda mpangilio wa diski ya kuanzia umebadilika. Urekebishe humo humo, wala usikubali fundi akuwekee Windows upya.

Ndani ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Diski mpya huonekana na mstari mweusi wa nafasi isiyogawanywa. Hakikisha ukubwa wake ndio ulionunua kabla ya kuifomati. Ukiulizwa ufomati diski unayojua ina faili, kataa.

Kwa diski ya mtumba, programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha afya yake na saa ilizofanya kazi. Mwaka mzima ni saa 8,760, kwa hivyo iliyofikisha 40,000 imezunguka zaidi ya miaka minne na nusu. Mimi singeiwekea daftari la kikundi.

Diski mbili ndani ya kasha moja bado si usalama kamili, maana radi au mwizi huzichukua zote. Nakala ya tatu na ikae kwenye diski ya nje ya USB, nyumbani kwa mweka hazina, isasishwe kila baada ya mkutano.

Diski mliyoitoa ina nambari za vitambulisho na simu za wanachama, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka zilindwe. Kufomati kwa haraka hakufuti kitu. Kabla ya kuiuza, ondoa alama ya tiki kwenye fomati ya haraka ili Windows iandike sufuri diski nzima, na uiache usiku kucha ikihitajika.