Kumfunga Mhusika na Kijiji Chake: Igizo la Mfululizo katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Maigizo hutajwa mara nyingi katika maandalio ya masomo ya walimu wanafunzi, lakini hufanikiwa mara chache. Mwalimu huwaita watoto watano mbele ya darasa. Humwambia mmoja, “Wewe ni mzee wa kijiji,” na mwingine, “Wewe ni mkulima,” kisha huwaamuru waanze. Mzee hukohoa na kuegemea fimbo, mkulima hushika kiuno, darasa hucheka. Baada ya dakika tatu hakuna mwenye neno la kuongeza, na mwalimu huamini kwamba watoto hawa ni wazito wa kusema.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasoro haimo katika ulimi wa mtoto. Mtoto hana la kusema kwa kuwa mhusika aliyepewa hana kwao. Hana jirani, hana shamba, hana deni, wala hana kitu anachoogopa kukipoteza.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika shule za Bariadi na wilaya nyingine za Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Watoto wengi huko huja shuleni na Kisukuma cha nyumbani, na Kiswahili hujifunza darasani. Igizo lisiloandaliwa vema huwapa nafasi wale wawili watatu ambao tayari ni wepisi wa kusema, na huwaacha wengine wakiwa watazamaji mwaka mzima.

Igizo la mfululizo ni nini?

Igizo la mfululizo ni igizo linaloendelea kwa vipindi kadhaa. Mahali ni pale pale, wahusika ni wale wale, na jambo lililoamuliwa leo huwa na matokeo juma lijalo. Huko Marekani, mwaka 1974, ulichapishwa mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uitwao Dungeons & Dragons. Katika mchezo huo kila mchezaji huwa mhusika mmoja katika nchi ya kubuni yenye mazimwi na miujiza, na kiongozi mmoja huisimamia hadithi kwa majuma mengi. Waongozaji wa michezo ya aina hiyo hufahamu jambo linalotufaa sisi walimu: mhusika asiye na ndugu wala hasimu katika nchi ya hadithi huwa mpita njia tu. Nchi ikiungua, yeye huhamia nyingine.

Karibu nasi zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendesha sanaa za maonyesho pamoja na wanakijiji wa Malya, Wilaya ya Kwimba. Wanakijiji wenyewe waliyatafuta matatizo yao, mojawapo likiwa mimba za wasichana wa shule, wakayaigiza kwa ngoma na michezo na kuyajadili. Walikuwa na mengi ya kusema kwa kuwa kijiji kilichoigizwa kilikuwa chao.

Kuchagua hadithi na kuchora kijiji

Mwalimu hana haja ya kuagiza mazimwi kutoka mbali. Usukumani husimuliwa hadithi ya Shing'weng'we, zimwi lililowameza watu wote pamoja na mifugo yao. Alisalimika mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya makapi ya nafaka. Alimzaa Masala Kulangwa, ambaye alipokua aliuliza walipo watu wengine, akalitafuta zimwi, akaliua na kulipasua tumbo. Watu wakatoka wakiwa hai. Katika baadhi ya masimulizi, kisu kilimkata bibi kizee mmoja sikio, naye akatoka na hasira mahali pa shukrani.

Msimulizi hukomea hapo. Igizo letu na lianze asubuhi ya pili yake. Watu wametoka tumboni, mashamba yameota magugu, nyumba zimeanguka, ng'ombe wamechanganyika. Nani atachukua kipi?

Kabla ya kumpa mtoto yeyote uhusika, darasa zima lichore ramani ya kijiji ubaoni au ardhini. Kiwe kijiji cha kubuni, tukiite Mbuyuni, lakini kila kitu ndani yake watoto wawe wanakijua: mto unaokauka kiangazi, kisima kimoja, mashamba ya mtama na pamba, mbuyu wa mikutano, njia ya kwenda mnadani, na ngitili. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zihifadhiwe kwa ajili ya kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, uliihuisha desturi hiyo. Kwa igizo, ngitili ni hazina: ni mahali penye mpaka, penye sheria, na penye mtu anayetamani kuivunja.

Mafundo matatu

Sasa kila mtoto apewe mhusika, na kila mhusika afungwe na kijiji kwa mafundo matatu.

1. Fundo la mahali. Ni wapi katika ramani ambapo mhusika huyu hawezi kupaacha? Mtoto aweke alama yake hapo.

2. Fundo la mtu. Ni nani kijijini anayemdai, anayemtegemea au aliyegombana naye? Fundo hili lifungwe pande zote mbili. Ikiwa Juma anasema alimwazima jirani yake jembe kabla ya kumezwa, ni lazima jirani huyo ajue na akubali kwamba jembe analo.

3. Fundo la haja. Anataka nini kabla ya mvua kunyesha, na nani atamzuia asikipate?

Tulinganishe. “Wewe ni mfugaji” ni agizo lisilomfikisha mtoto popote. Lakini “Wewe ni mfugaji, boma lako linapakana na ngitili, shemeji yako ndiye mlinzi wa ngitili, ndama wako wawili wamekonda” ni agizo ambalo hata mtoto mwoga atapata la kusema kwalo, kwa sababu shemeji ameketi dawati la pili na ndama wanakonda.

Katika darasa la watoto 75, yagawe makundi kumi ya watu saba au wanane, kila kundi likiwa kaya moja. Fundo la mahali liwe la kaya nzima. Mafundo ya mtu na ya haja yawe ya kila mtoto. Wakati wa kufunga mafundo, watoto waruhusiwe kushauriana kwa Kisukuma. Wakisimama chini ya mbuyu kuzungumza na kijiji, watumie Kiswahili. Hivyo fikra huja kwanza, na lugha hupata kitu cha kubeba.

Mfano wa vipindi vinne, darasa la tano

Kipindi cha kwanza: hadithi na ramani. Kipindi cha pili: kaya na mafundo, kila mtoto aandike mafundo yake kwa sentensi tatu. Kipindi cha tatu: mkutano wa kugawana zamu za kisima. Kipindi cha nne: shauri la bibi aliyekatwa sikio.

Mwalimu asiwe hakimu. Achukue uhusika mdogo, kama vile mgeni aulizaye njia, ili aweze kuuliza maswali bila kutoa hukumu. Kaya moja ikinyamaza, aiendee na kuuliza, “Jamani, ninyi mnaokaa karibu na kisima, zamu hii mmeiridhia?”

Tahadhari kuhusu bibi

Kipindi cha nne kinahitaji busara. Kanda ya Ziwa imepata kushuhudia mauaji ya wanawake wazee waliodhaniwa kuwa wachawi. Macho mekundu, ambayo mara nyingi husababishwa na moshi wa kupikia wa miaka mingi, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Kwa hiyo bibi mwenye hasira akiingia katika igizo bila mafundo, huenda watoto wakamwita mchawi kabla hajafungua kinywa, na mwalimu atakuwa amewafundisha jambo la hatari.

Dawa ni kumfunga bibi huyu kwa mafundo mengi kuliko mhusika mwingine yeyote. Awe na wajukuu katika kaya mbili. Awe ndiye anayekumbuka mipaka ya mashamba ilivyokuwa kabla ya zimwi. Madai yake yawe wazi: ameumizwa, na hakuna aliyemwomba radhi. Mazungumzo yaanze kwa heshima ya kwetu:

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mmenitoa gizani, nashukuru. Na sikio langu je?”

Hapo Masala Kulangwa hana budi kujibu, na darasa litagundua kwamba mtu aliyeokolewa aweza pia kuwa na haki ya kudai. Kaya zitakazotaka kumfukuza bibi zitajikuta bila shahidi wa mipaka yao.

Kupima somo

Mwalimu asipime kwa makofi. Ajiulize maswali matatu. Ni watoto wangapi waliosema, na ni wangapi kati yao ambao kwa kawaida hunyamaza? Je, mtoto aweza kueleza sababu ya uamuzi wa mhusika wake? Je, kuna kilichobadilika katika ramani ya kijiji baada ya kipindi? Kwa kazi ya kuandika, kila mtoto aandike barua kutoka kwa mhusika wake kwenda kwa mtu aliyefungwa naye.

Zoezi kwa walimu wanafunzi

1. Chora ramani ya kijiji cha kubuni kwa kutumia vitu vinavyoonekana karibu na shule utakayofanyia mazoezi ya kufundisha.

2. Andika mafundo matatu kwa kila mmoja wa wahusika hawa: mganga, mnunuzi wa pamba, mwanamke aliyejificha katika makapi, na mtoto aliyezaliwa ndani ya tumbo la zimwi.

3. Mchague mtoto mmoja katika darasa lako ambaye hajasema neno juma zima. Mtungie mhusika ambaye kijiji hakiwezi kuamua jambo bila yeye.