Pua ya Panya na Hesabu ya Uwezekano

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, somo la uwezekano tulifundishwa kwa dadu na karata. Mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, upo mfano bora zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifunza panya buku tangu mwaka 2000, na kuanzia 2007 panya hao hunusishwa makohozi yaletwayo kutoka zahanati ili kutambua kifua kikuu. Panya akihisi harufu ya ugonjwa, hukawia juu ya tundu lenye sampuli hiyo.

Je, panya akikawia, kuna uwezekano gani kwamba ugonjwa upo?

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, zimeletwa sampuli 1,000, na 100 kati yake zina ugonjwa. Tuseme pia panya huonyesha 80 katika kila 100 zenye ugonjwa, na hukosea kwa kuonyesha 10 katika kila 100 zilizo salama. Basi ataonyesha 80 zenye ugonjwa na 90 zilizo salama, jumla 170. Kwa sharti kwamba panya amekawia, uwezekano wa ugonjwa ni 80/170, yaani kiasi cha asilimia 47. Msomaji aliyetarajia asilimia 80 amegeuza sharti: hiyo ni ya panya kukawia iwapo ugonjwa upo. Wanafunzi wangu hujikwaa papo hapo kila mwaka.

Sasa tuongeze panya wa pili, mwenye uwezo ule ule, na tudai wote wawili wakubaliane. Ikiwa makosa yao hayategemeani, twazidisha: wagonjwa 64, wazima 9. Uwezekano wapanda hadi 64/73, karibu asilimia 88. Lakini wagonjwa 36 wamerudishwa nyumbani na kikohozi chao, na hiyo si bei ndogo.

Tena kuzidisha huko kuna sharti lake. Ikiwa harufu moja ya vijidudu vingine huwapotosha panya wote wawili, watakosea pamoja, na panya wa pili hatuongezei habari yoyote. Ndiyo sababu ya kupima tena maabara, kwa mfano kwa hadubini, kila sampuli iliyoonyeshwa na panya kabla ya mtu kuitwa mgonjwa. Hadubini huonyesha umbo la vijidudu, haifuati harufu. Kwa hiyo si rahisi makosa yake yafuatane na yale ya panya.